Sensa Niliyoirudisha kwa Vidole

Dada yangu Yuditha,

Shikamoo. Mdogo wako ni mzima wa mwili, moyo ndio mgonjwa. Kifua cha mama kimepata nafuu? Neema ameanza shule? Naomba barua hii uisome peke yako kwanza.

Waliokuambia kwamba mumeo alifukuzwa kazi kwa ulevi walikudanganya. Ilikuwa hivi. Hapa kiwandani tunabandika maboksi kwa gundi ya moto. Gundi inayeyushwa ndani ya tangi lenye hita, na ubavuni mwa tangi kuna tundu la sensa, kijiti chembamba cha chuma kinachopima joto. Joto likitosha, sensa inaiarifu mashine, hita inazimwa. Likishuka, inawashwa tena. Siku hiyo nilisafisha tangi, nikaichomoa sensa, nikairudisha kwa vidole tu bila kukaza skrubu. Ikachomoka. Ikawa inapima hewa ya nje, na baridi ya huku usiombe, basi mashine ikadhani gundi bado ngumu, hita ikazidi kuwaka.

Harufu niliisikia mapema. Sisi tuliokulia kando ya masufuria ya mawese hapo Ujiji tunajua kitu kinachoungua. Lakini kipimo cha mashine kilisema joto liko chini, nami mjuaji wa mawese nikaona aibu kubishana na mashine ya watu. Gundi ikawa nyeusi kama lami. Maboksi yakafumuka garini, mali ikamwagika.

Msimamizi akauliza nani aliigusa sensa. Unajua tulivyozoea kambini, kwenye ukimbizi: mwenye kalamu akiuliza, unainamisha kichwa, jina lako lisije likakatwa kwenye orodha ya mgao. Nikainamisha. Mumeo akaninong'oneza, "Muramu, shemeji yangu, nyamaza. Karatasi zako za ukaazi bado." Kisha akasema ni yeye. Akafukuzwa siku hiyohiyo, na bila kazi serikali ya huku haimruhusu kukuleta wewe na mtoto.

Juzi nimekwenda kukiri. Msimamizi akasema nafasi imeshapata mtu. Najuta, dada. Nimechelewa mno.

Nisalimie mama, mjomba wa Katonga na yule jirani anayekukaangia dagaa.

Nilitaka kufunga bahasha, lakini limebaki moja. Unajua Baba Neema hajui kusoma. Barua yako ya mwisho nilimsomea mimi, yote, hata pale ulipoandika kwamba umechoka kumngoja mlevi. Akaniomba nirudie pale. Nikarudia.

Ni mimi, mdogo wako asiyestahili salamu zako,
Eliya