Vumbi Chini ya Veranda

Jumanne, Aprili

Na bado Bwana Mkubwa wa ofisi yetu ya simu anasema ni bahati mbaya!

Radi ilipiga laini ya simu ya Ainabkoi mchana, ikaingia ofisini na kupitia visikizio hadi masikioni mwa Wekesa, aliyekuwa amekaa kwa bodi akiunganisha simu. Yuko hai. Lakini mke wake alimwita na kumwita hospitalini, hakugeuka.

Waya wa ardhi ndio ungeipeleka radi chini. Umefungwa kwa nondo ya shaba nje ya ukuta, na udongo wa pale lazima uwe na maji ili umeme upite. Kiangazi chote tuliumwagia ndoo ya maji kila asubuhi. Mvua ilipoanza, Bwana akasema, "Wacheni, Mungu anamwaga." Tukaacha. Hakuna aliyekumbuka kwamba alishaezeka veranda juu ya nondo hiyo, ili kiti chake kisilowe.

Jioni nilichimba kando ya nondo. Nje matope mpaka vifundoni, pale vumbi tupu.

Nilimwonyesha Bwana. Akasogeza kiti, akasema, "Kesho utakaa kwa bodi ya Wekesa."

Nimemwaga maji, ndoo baada ya ndoo. Udongo umeyanywa yote, na ngurumo zimerudi.

Mke wangu ameniita nikalale. Sijamjibu. Nataka aite tena.