Manowari Uliyoiacha Nusu

Baba yangu, fundi saa wa Nachingwea,

Nakuandikia kutoka Ruangwa, mezani kwangu, kando ya cherehani. Barua hii nimeiahirisha mara nyingi, kwa kuogopa kuutazama mkono wangu ukiandika.

Nimeifufua manowari yako ya plastiki. Ile ya vipande vya kuunganisha kwa gundi, uliyopewa na mhandisi mgeni siku alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao, kwa kuwa uliitengeneza saa ya marehemu mama yake. Hukuwahi kuiona bahari, lakini ulinionyesha tezi na omo, nyuma na mbele ya chombo, kwa ncha ya kibano chako. Kila Ijumaa baada ya sala ulikuwa unafunga kibanda, unanivutia kigoda mezani kwako. "Kata, piga msasa, jaribisha kwanza, ndipo utie gundi," ulikuwa ukisema. Mimi nilikuwa nashikilia kifuniko cha gundi tu, na nilijiona fundi.

Nakumbuka Ijumaa ya mwisho. Nilikuwa na miaka kumi. Ulikuwa unabandika mzinga wa nyuma, ukakuponyoka. Ukauokota, ukakuponyoka tena, gundi ikamwagika. Ukanigeukia.

"Mwanahawa, umetikisa meza!"

Sikuigusa meza, baba. Lakini ulikuwa umesema wewe, nikaamini kwamba labda ni goti langu. Ukairudisha manowari kwenye boksi na kigoda changu kikahamia jikoni. Mwaka uliofuata ukafunga kibanda kabisa, ukasema macho yamechoka. Nikakua nikijua kwamba mimi ndiye niliyeiharibu kazi ya baba.

Mwaka huu mama amehamia Nandagala kwa mdogo wangu, akanikabidhi lile boksi. Mlingoti ulikuwa umevunjika, rangi imebabuka, mizinga minne haipo. Rangi niliibandua kwa mafuta ya breki na mswaki mkuukuu, nikaiosha manowari kwa sabuni. Mizinga iliyopotea nikaiunda kwa sindano za cherehani zilizovunjika. Kamba za mlingoti hazikuwamo hata kwenye boksi lenyewe. Nilipasha kijiti cha plastiki juu ya mshumaa, nikakivuta taratibu mpaka kikawa uzi mwembamba kama unywele. Hapo nilitamani uwepo, unione.

Nilipofika nyuma nikaisogeza karibu na macho. Mbele kote, gundi yako haionekani. Nyuma kuna matone, alama za vidole, mizinga imepinda kila mmoja na upande wake. Na mingi kati ya hiyo uliibandika wiki nyingi kabla ya Ijumaa ile, nikiwa sijakaa hata karibu.

Siku mbili baadaye nilikuwa nabandika vyuma vya ukingo wa manowari, mchana kweupe. Kibano kikacheza. Nikavuta pumzi, nikarudia. Kikacheza tena.

"Umetikisa meza!" nikamfokea mume wangu.

"Mama Nuru," Bakari akajibu polepole, "mimi niko mlangoni."

Nikaweka kibano chini. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unatetemeka peke yake, kama wa mtu mwingine.

Nilikwenda Nandagala kumuuliza mama. Alikuwa anapepeta ufuta. Akaweka ungo chini, akasema, "Hata mkono wa baba yako ulikuwa ukitetemeka, ila alinikataza nisiseme. Alisema, wakijua watu, nani ataniletea saa?" Nikalia, baba, na sikujua nakulilia wewe au najililia mimi. Nilikukasirikia pia, sitaficha. Miaka yote ile, ungeniambia neno moja tu.

Mizinga yako iliyopinda sikuinyoosha. Bakari aliuliza kama nimeisahau, nikamwambia hiyo ni kazi ya baba. Mlingoti tuliubandika pamoja, yeye ameushika mkono wangu kwenye kiwiko. Umesimama wima.

Hospitali nimekwenda. Daktari amenitembeza, amenigongagonga magoti, ameniandikisha maandishi. Kasema kutetemeka kuna sababu nyingi, nyingine ndogo na zina dawa, nisijihukumu kabla ya vipimo. Majibu ni Jumatatu. Tangu hapo nauchungulia mkono kila saa: nikishika kikombe, nikitia uzi sindanoni, nikimsuka Nuru. Ukitulia naogopa, ukicheza naogopa zaidi. Nuru nimemweleza. Ameuliza kama na yeye atatetemeka, nikamjibu kwamba sijui. Ndilo jibu gumu kuliko yote niliyowahi kumpa mwanangu, lakini ni la kweli.

Leo asubuhi amekuja mama mmoja kutoka Nambilanje na kitambaa cha gauni atakalovaa kwenye harusi ya bintiye. Nilitaka kukipokea ninyamaze. Badala yake nikaweka mkasi chini. Nikasema, "Mama, mkono wangu siku hizi unatetemeka. Ukitaka, mpelekee fundi mwingine, sitanuna."

Akakishika kile kitambaa, nikadhani anakikunja aondoke nacho. Akakitandaza mezani.

"Basi shanga usiniwekee nyingi," akasema. "Haya, chukua vipimo."

Mungu akurehemu, baba. Jumatatu unikumbuke.

Ni mimi binti yako,
Mwanahawa