Kabichi ya Gotini

Zorka mwanangu,

Zile sarma za sufuria ya buluu usiwape wageni. Majani ya kabichi uliyoviringishia nyama nililala nayo gotini, dawa ya uvimbe. Asubuhi niliyaweka bakulini nivae soksi. Kugeuka hivi, wewe mkwe hodari umeshayapika! Ningekuambia, lakini ulikuwa ukinifokea kwamba kabichi si dawa, niende kwa daktari. Haya, nimekwenda.

Usifungue madirisha mawili pamoja, upepo utampiga mtoto.

Jirani yetu Mzee Radisav kala sarma nne kabla sijamzuia. Sasa yuko juu ya paa anazibua bomba la moshi huku akiimba. Fimbo yake ya kutembelea ameiacha mezani.

~~Zimwage zote.~~

Nibakizie mbili. Goti langu bado linauma.

Mama mkwe wako