Jiwe la Mkono wa Kulia

Sugar Fork,
Carolina Kaskazini,
18 Novemba 1928

Kwako kaka yangu mpendwa Alvah,

Pokea salamu zetu, mimi na Mama, na za yule nyumbu uliyeapa kumpiga risasi kabla hujaondoka; bado yu hai na bado anauma. Natumaini kifua kimepata nafuu na kwamba vumbi la makaa ya mawe halikukoseshi tena usingizi. Sisi ni wazima wa mwili. Mahindi tumevuna, asali ya mtama tumechemsha, na nguruwe atachinjwa baridi ikikaza. Miti ya chesnati ya kule juu kwenye shamba la Babu imekufa yote kwa ule ugonjwa, imesimama myeupe kama mifupa.

Barua yako ya Septemba niliipata na nikamsomea Mama mbele ya meko, wakati ule meko ilikuwa bado na moto. Alifurahi kusikia kwamba santuri yenye wimbo wake imefika hadi kambini kwenu, na kwamba kila Jumamosi mnaizungusha bwenini na wanaume wazima wanavua kofia. Nilimsomea pia habari za yule mwenzenu wa Tennessee, Tolliver Crisp, anayeinuka na kutoka nje kila sindano inapogusa santuri, hata mvua ikinyesha, nanyi mmempa jina la Shemasi kwa sababu mnadhani anaogopa dhambi ya muziki. Nilicheka sana. Nakuomba usimtanie tena mpaka umalize kusoma barua hii.

Nimeifungua shajara yangu ili nikueleze mambo kwa mpangilio, maana kichwani mwangu hayana mpangilio.

Wimbo wenyewe unaujua. Harl Gosnell anamtaka Orlena Presnell, Orlena anamkataa, Harl anamzamisha katika bwawa la kinu, na siku ya kunyongwa anasimama jukwaani na kutusimulia kwa kinywa chake: mimi nilifanya hivi, mimi nikafanya vile. Unajua pia kwamba Babu ndiye aliyeutunga, kesi ikiendelea, akajisemea maneno ya mtu wa kitanzini kama watunzi wote wafanyavyo. Na adabu yake unaijua. Kabla ya kuanza wimbo wa mauaji, mwimbaji huzungusha macho chumbani kwanza. Akiwapo ndugu wa aliyeuawa au wa aliyenyongwa, wimbo huo hubaki tumboni na watu huimbiwa wa farasi au wa askari.

Yule bwana wa santuri alipokuja mjini mwezi wa Mei na mashine yake ya kunasa sauti, alitaka nyimbo ambazo hakuna mwingine anazo. Mama alimuuliza jambo moja tu: wimbo ukipigwa, nani atakuwa amekaa pale? Bwana yule akacheka, akasema, mama yangu, hapo atakaa mtu yeyote, ndiyo uzuri wake. Mama akachukua shali yake aondoke. Mimi ndiye niliyemrudisha kitini. Nilimwambia Wapresnell wote walihamia Missouri zamani, na kwa Wagosnell amebaki Bibi Keziah peke yake, ambaye hana hata saa ya ukutani sembuse gramafoni.

Mashine haikuweza kubeba wimbo mzima, kwa hiyo bwana yule akaomba beti zipunguzwe. Mama akaacha beti za hakimu na za farasi. Alipoambiwa aache na ubeti wa kitana, ambao hauna kazi yoyote katika kisa, alikataa katakata. Alisema baba yake alimfundisha wimbo ule akiwa msichana, akamwapisha kwamba ataacha ubeti wowote lakini si ule. Na hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo huenda nawe hujawahi kulifikiri: Babu aliimba kila wimbo wa bonde hili, hata nyimbo za matusi shemeji zake walipomlewesha, lakini wimbo wake mwenyewe hakuna aliyewahi kumsikia akiuimba. Ubeti ni huu:

*Kitana chake Orlena, kilichokuwa nyweleni,*
*Nimekificha kwa jiwe, la kulia la mekoni,*
*Udongo ungali mbichi, nikakilaza gizani,*
*Kisiione baridi, ya maji yale bwawani.*

Sisi sote tulidhani ni pambo. Nyimbo za namna hii hazikosi pete au kitana au utepe uliofichwa mahali.

Santuri ilifika dukani kwa Hobart Wyatt mwezi wa Septemba. Unamjua Hobart. Aliweka gramafoni mlangoni, akatangaza kwamba sasa Hester Ledford atawaimbia mkinunua mafuta ya nguruwe, na asiyenunua aweke pamba masikioni. Jumamosi ya tarehe 29 duka lilikuwa limejaa, nami nilikuwa pale nikichagua uzi, mara akaingia Bibi Keziah kununua chumvi. Yeye ndiye dada wa Harl. Watu wote walinyamaza isipokuwa mama yetu, ambaye alikuwa ndani ya santuri na hakuwa na macho ya kuzungusha. Hobart aliruka kwenda kuinua sindano hadi akaangusha mtungi wa kachumbari. Bibi Keziah akaweka fimbo yake kifuani pa Hobart akamwambia, wewe Hobart, tokea utoto wako nikiingia mahali mnafunga midomo kama mmeona polisi. Leo niacheni nisikie mlichokuwa mnaimba. Akakaa juu ya pipa la misumari. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia Hobart arudishe mwanzo.

Jumatatu yake alipanda kuja kwetu kwa miguu. Mama alimkaribisha, akamwekea mkate wa mahindi na maziwa mgando, akaanza kuomba radhi. Bibi Keziah akasema hakuja kwa radhi, amekuja kwa kitana. Akasimulia kwamba Orlena alizikwa bila kitana chake cha pembe, kile alichoachiwa na bibi yake, na kwamba mama yake Orlena alikuja mlango wa jela akapiga magoti, akamsihi Harl aseme tu kilipo, amsamehe na mengine yote. Harl alilia akasema hajui. Keziah alisikia kwa masikio yake, alikuwa amesimama pale na sahani ya chakula cha kaka yake. Basi, akauliza, aliyetunga wimbo alijuaje kilipo?

Mama akasema watunzi hubuni. Bibi Keziah akamwambia, haya, na abuni. Lakini Harl walimkamata siku ileile maiti ilipotolewa majini, hakuona tena moto wala meko mpaka walipomnyonga. Udongo mbichi wa nani? Vuli ile ilijengwa dohani moja tu katika Sugar Fork nzima, nami nilipita nikaiona ikipanda, kwa sababu mwashi alikuwa mmoja tu na alikuwa anajenga nyumba yake ya kuoa. Akanyoosha fimbo yake kuelekea meko yetu, ambayo Babu aliijenga kwa mikono yake.

Kaka, sijawahi kumwona Mama vile. Alimwambia Bibi Keziah kwamba uzee umemvuruga akili, kwamba damu ya Wagosnell haijatosheka. Akamfungulia mlango. Bibi yule alijibu polepole tu, akiwa anafunga shali, akasema, zaidi ya miaka arobaini mlininyamazia kwa heshima, Hester, nami nikawashukuru kwa heshima hiyo. Kumbe mngenitukana kwa kuniimbia mara moja tu, ningejua. Sahani ya mkate hakuigusa.

Tangu siku hiyo Mama hakuimba, hata akikamua. Alihamishia sufuria kwenye jiko la chuma nyuma na kuuacha moto wa meko ufe, ule moto ambao Bibi yetu alijivunia kwamba haujazimika tokea alipoolewa. Tulikaa ndani na makoti. Shajara yangu ya siku zile haina kitu ila hali ya hewa. Mimi nilikuwa nikilitazama jiwe la mkono wa kulia, lile lenye ufa. Unalikumbuka. Babu alikuwa akiingia kutoka shambani anaweka kiganja chake pale kabla hata ya kuvua kofia, akisema anapasha mikono moto, hata Julai. Na siku Baba alipotaka kulibadilisha kwa sababu ya ufa, mzee alimtolea maneno ambayo Baba aliyabeba hadi kaburini.

Asubuhi ya tarehe 17 Oktoba Mama alirudi kutoka zizini, akaweka ndoo chini, akasema mawe yameshapoa, Vesta, lete mtaimbo.

Nilitaka kumwambia tungoje barua yako, kwa kuwa wewe ndiwe mwanamume wa nyumba na ndiwe uliyepewa jina la Babu. Lakini uso wake haukuwa wa kungojesha. Nililichokoa jiwe mimi, yeye akashika taa. Nyuma yake kulikuwa na tundu lililotengenezwa kwa makusudi, limesawazishwa vizuri kwa mwiko, kama Babu alivyosawazisha kila kitu. Ndani mlikuwa na kitambaa kilichogeuka rangi ya chai, na ndani ya kitambaa kitana cha pembe. Jino moja limevunjika. Nywele zilikuwa bado zimo, Alvah. Za rangi ya asali.

Mama alikaa chini sakafuni. Akasema neno moja ambalo siwezi kuliondoa kichwani. Alisema, alinipa mimi nimwimbie.

Nimelifikiri sana. Mtu yeyote anayeimba wimbo ule husema mimi, na hakuna anayemshuku, maana kila mwimbaji husema mimi. Babu alilifanya ungamo lake kuwa wimbo, akalivika jina la Harl, akamkabidhi binti yake alizungushe bonde zima kwa niaba yake. Na adabu yetu ikahakikisha kwamba masikio pekee ambayo yangelitambua hayatalisikia kamwe. Kwa nini alimuua, hatutajua. Huenda wimbo unasema kweli hapo pia.

Mama alikipeleka kitana mwenyewe. Hakunitaka niende naye. Walichozungumza hakuniambia, ila kwamba Bibi Keziah alikitambua kwa lile jino, na kwamba walikula pamoja. Jumamosi iliyofuata Mama alimwomba Hobart azime gramafoni, akasimama pale mlangoni pa duka, akazungusha macho yake kama kawaida, akamwona Bibi Keziah amekaa mbele kwenye kiti, na akaanza. Aliuimba wote, na hakimu na farasi. Kila palipokuwa na jina la Harl Gosnell aliweka la Babu, Alvah Buchanan. Ni jina refu, halikukaa sawa katika mdundo, ilimbidi alikokote, na hakuna aliyecheka, hata Hobart.

Sitakuficha kilichofuata. Mjomba Doke ametuma watu waseme kwamba Mama amemuuza baba yake aliye kaburini ili asifiwe na watu wa dukani, na wanawe wakitukuta njiani wanatazama miti. Shemasi mmoja wa kanisa letu anasema wimbo si ushahidi na kitana si shahidi, kwa hiyo Harl abaki alipozikwa, nje ya uzio wa kanisa. Wengine wanataka uzio usogezwe. Kitana kimezikwa kwa Orlena, hilo angalau halikupingwa. Nami darasani nimepata mtoto aliyeniuliza kama ni kweli mimi ni mjukuu wa yule wa kwenye wimbo. Nilimjibu ndiyo, tukaendelea na hesabu.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Bibi Keziah alipita hapa juzi, akaniomba nimwandikie salamu kwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake aliyeolewa Tennessee, ambaye amekwenda kuchimba makaa West Virginia. Nilimuuliza jina. Akasema Tolliver Crisp.

Kwa hiyo anapotoka nje Jumamosi, kaka, haogopi dhambi ya muziki. Anaondoka ili nyinyi msikilize kwa raha. Amekuwa akiishika adabu ambayo wewe hukuweza kuishika, kwa sababu hukujua ni nani aliyekaa kitanda cha pili.

Mama anasema nisikupangie la kufanya. Mimi nasema tu kwamba salamu za bibi yake zimo ndani ya karatasi ndogo niliyoiambatisha, nami sikuandika humo habari za kitana. Bibi alikataa. Alisema hayo utamwambia wewe, mwenye santuri.

Mama anakusalimu, na anauliza kama zile soksi zinatosha. Meko tumeiwasha tena tangu jana, ila tundu hataki lizibwe, na moshi unatuingia machoni. Jifunike kifua, na utuandikie mapema.

Ni mimi dada yako mdogo akupendaye,

Vesta Ledford