Meza Fupi ya Baruti

Lewistown, Montana
Oktoba, siku za mwanzo

Kwako dada yangu Signe,

Pokea salamu zetu sote. Baada ya salamu nataka kujua hali yako na ya mgongo wako, na kama mvua za huko Seattle bado hazijakuotesha ukungu. Sisi huku tu wazima. Theluji ya kwanza imeanguka na kuyeyuka, mke wangu Darlene ameshajaza friza nyama ya kulungu, na Baba anakula vizuri, anakunywa kahawa nyeusi kama lami na kunigombeza kila asubuhi. Kwa hiyo usishtuke. Ila kichwa changu kimevurugika, na wewe ndiwe uliyekuwa na akili katika nyumba hii, basi nisaidie.

Baba amehamisha kiwanda chake. Unajua tangu tukiwa wadogo yeye hutengeneza risasi zake za kuwindia kule chini ya nyumba: huokota maganda yaliyokwisha kupigwa, huyasafisha, huyatia baruti mpya na kuyashindilia vichwa vipya kwa ile mashine yake ya mkono. Sheria zake unazijua pia. Mlango ufungwe, redio izimwe, mtu asimsemeshe, na juu ya meza likae kopo moja tu la baruti, maana baruti zinafanana, na ukizichanganya bunduki itakupasukia usoni. Sasa mwezi uliopita akasema kule chini hakutaki tena. Anataka meza mpya huku juu, katika chumba alichokuwa Mama akishonea, penye dirisha. Nikasema haya, magoti yamezeeka.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunipita. Nilimletea mbao safi, akazikataa. Alitaka niung'oe mlango wa kule chini, ule mzito, niulaze uwe uso wa meza. Nikamwuliza ni mtu gani mwenye mbao gereji anayeng'oa mlango wake. Akanijibu kwamba mwenye nyumba ndiye anayeng'oa, na mwenye maswali ashike bisibisi. Basi nikaung'oa, nikaziba na tundu la kitasa, baruti isije ikamwagikia humo.

Kisha vikaja vipimo. Baba ni mrefu kama nguzo ya simu, nami ndiyo hivyo hivyo, lakini meza aliyoitaka ilinifika chini ya kiuno. Nikamwambia amekosea kupima, akasema kata. Nikakata. Akasema kata tena! Siku moja Darlene alimkuta jikoni na futi mkononi, anapima fremu ya mlango huku ananung'unika peke yake, akaja kuniita machozi yakimlengalenga. Jirani yetu Lyle, ambaye kunyamaza hajui, alichungulia akauliza kama tunajenga pahali pa kulishia kuku.

Wiki ile ile nikamkuta bustanini, anamwaga baruti kwenye mawaridi ya Mama, kopo baada ya kopo. Kweli, watu wetu hufanya hivyo kwa baruti wasiyoiamini, kwamba inarutubisha udongo. Lakini makopo mengine hata hayakuwa yamefunguliwa! Nilipomwuliza kulikoni, alisema mawaridi yana njaa. Signe, nilikwenda kukaa ndani ya gari nikalia kama mtoto, maana sikuelewa kitu.

Jana tukafunga mashine. Akaniagiza niugeuze mkono wa mashine uwe upande wa kushoto, na hapo uvumilivu ukaniisha. Nikamwambia Baba, inatosha, meza ni fupi, mkono uko kombo, na sisi sote hapa tunatumia mkono wa kulia.

Akaniangalia hivi, akaniuliza, "Sisi sote nani?"

Nikakaa kwenye kiti cha Mama. Mtu wa mkono wa kushoto katika ukoo huu ni mmoja tu.

Ndipo akasema, macho yake dirishani. Kwamba mwezi wa nane aliinua kichwa kutoka kazini akakuta makopo mawili yako wazi juu ya meza, na hakujua baruti iliyokuwa kwenye kipimo ilitoka kopo lipi. Yeye, Arvid mzima! Akazivunja risasi zote alizotengeneza mwaka huu. Baadaye ikamtokea tena, ndiyo maana akaimwaga baruti yote kwenye mawaridi. Akaenda kwa daktari bila kutuambia, akapewa jina la ugonjwa. Hataki kulitamka, lakini ndio uliomchukua bibi, mama yake. Anasema kufundisha bado anaweza, ila peke yake mezani asiachwe. Akasema ulipomwomba akufundishe, ulipokuwa kigoli, alikuambia kule si jikoni akakufungia mlango, ule ule nilioung'oa, na kumbe mkono wako ulikuwa umetulia kuliko wangu. Hilo la mwisho angeweza kuliacha.

Nami sitakuficha, niliona wivu, na bado unanichoma. Miaka yote mimi ndiye niliyebaki hapa kumpasulia kuni, na meza nimeijenga kwa mikono yangu, kumbe si yangu. Amenikataza kukuandikia, atakuambia mwenyewe, anasema, ukija Sikukuu ya Shukrani mwezi ujao. Lakini tangu tumzike Mama hujakanyaga hapa, na leo asubuhi amesimama mbele ya mashine akaniuliza ni mpumbavu gani aliyeuweka mkono kushoto. Nikamwambia ni wewe, Baba. Akafikiri sana, kisha akasema basi, Signe atafurahi.

Sijui nifanye nini. Njoo, dada. Usingoje sikukuu, njoo angali anakumbuka meza ni ya nani, na ulete kopo la baruti, moja tu.

Darlene anakusalimu, na Lyle naye, ingawa hukumwuliza. Kipimo Baba alikichukua kwenye fremu ya jikoni, pale Mama alipotuchora kimo kwa penseli, kwenye alama yako ya mwisho. Ni ya mwaka ule ule aliokufungia mlango. Kama umeongezeka tangu hapo, usijali. Miguu nimeifunga kwa skrubu, sikuipigilia misumari. Tutaiinua.

Mimi mdogo wako,
Wendell