Saruji Niliyoipiga Mama Akiwa Uroa

Jumatano. Mvua haijapumua tangu alfajiri, na mimi sijafungua dirisha tangu Jumatatu.

Ndiyo sharti la mashine. Fundi Haji, anayezikodisha huko Mlandege, alisema tufunge kila kitundu, la sivyo tutakuwa tunakausha mvua ya Mji Mkongwe mzima. Basi tumejifungia ghorofani, mimi na mama, pamoja na mashine mbili za kunyonya unyevu na feni kubwa inayonguruma mchana kutwa. Ndoo zinajaa, nazimwaga, zinajaa tena. Midomo imenikauka, lakini ukuta wa chumba cha mama bado unatoka jasho.

Mama ana pumu, na koga, ule ukungu wa ukutani, imepanda mpaka juu ya kitanda chake. Nilimsihi ahamie kwa kaka, Chukwani, japo wiki moja.

"Sendi," alinijibu. "Niihame nyumba yangu kwa maji ya choo cha mtu?"

Mtu mwenyewe ni Bi Zuhura, jirani tuliyepakana naye ukuta. Mama anaamini bomba lake ndilo linalotuvujia. Mwaka wa pili huu hawasemezani, na zamani Ramadhani haikupita siku bila ya kupelekeana futari.

Sasa niandike nisilomwambia mtu.

Mwaka juzi, mama alipokwenda Uroa kumuuguza dada yake, nilileta fundi mwingine akabandua chokaa ya zamani, akapiga saruji na rangi ya mafuta. Nilitaka arudi akute chumba kinang'aa. Koga ilipoanza, ilianza pale pale penye saruji mpya, nikajua imetoka wapi. Mama alipomtaja Bi Zuhura, nikanyamaza.

Nikajidanganya kuwa kunyamaza si kusema uongo.

Leo baada ya adhuhuri Fundi Haji alikuja na kipimo chake cha unyevu. Alikuwa ameshapita kwa jirani.

"Bi Mkubwa, kule kukavu kabisa," alimwambia mama. "Haya ni maji ya mvua, yanaingia kwa ukuta wa nje. Chokaa ilikuwa ikiyatoa. Saruji inayafungia ndani. Hata nikikuachieni mashine mwaka mzima, nikiziondoa tu, unyevu utarudi. Nani aliipiga saruji hii?"

Mama akanigeukia. Mlango umefungwa, madirisha yamefungwa. Sikuwa na pa kutazama.

"Ni mimi, mama. Ulipokuwa Uroa. Sikujua kama itakuwa hivi."

Hakufoka. Laiti angefoka. Aliomba buibui lake, akalivaa taratibu. Nilipomshika mkono nimteremshe ngazi, akauchomoa.

"Wewe kaa na mashine zako. Maneno mabaya niliyomwambia Zuhura yalitoka kinywani mwangu. Naenda kumtaka radhi."

Alasiri imeshapita, hajarudi. Nimeweka sikio ukutani, nasikia feni tu. Sijui wanalia, wanagombana, au wameshateleka chai.

Fundi atakuja Jumamosi kuibandua saruji. Hilo ni rahisi. Linalonikaba ni kwamba mama ameshuka ngazi zile na pumu yake akidhani mwanawe alikosea kwa kutojua. Nilijua. Miaka miwili nilimwona akipishana na rafiki yake kichochoroni bila ya salamu, na nilijua.

Nikingoja arudi, nitanyamaza tena. Najijua.

Nimezima feni. Nnashuka.