Bunduki za Mbao kwenye Klipu Yetu

Jumamosi jioni

Bado nasikia aibu. Wazo la bunduki za mbao lilikuwa langu, si la wanafunzi wenzangu wa filamu wala la bendi tunayoitengenezea klipu ya video. Wimbo wa Zaina, mwimbaji wa bendi, unasimulia vita, basi nikaona lazima klipu iwe na askari.

Leo tulikuwa tunapiga picha kando ya mto Lualaba. Wenzangu watatu, wamevaa makoti ya kijani, walikimbia na bunduki zao. Mama yake Zaina akatokea njiani akituletea chakula. Alipowaona tu, aliangusha sufuria ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akalala chini, akafunika kichwa.

Nilikimbia kumwinua. "Mama, ni mimi, Issa! Iko muchezo tu!"

Alitetemeka muda mrefu. Zaina alilia, akataka tuache kila kitu. Nilivunja zile bunduki palepale, nikaanza kufunga kamera.

"Juu ya nini munaacha?" mama akauliza. "Mutuonyeshe tuko tunacheza. Ile vita, sisi tunaijua."

Akakaza kitenge chake, akasimama kando ya binti yake. Wakacheza wimbo mzima.

Nikawasha tena kamera, lakini mikono yangu haikutulia. Picha nyingi zimetikisika, na mwalimu atalalamika.

Sitaziondoa.